Askofu Steere, Wapiga Chapa Wake na Sisi wa Bonde

Sisi tuliozaliwa Bonde, katika vijiji vilivyotawanyika baina ya Muheza na milima ya Usambara, tulikua tukiamini kwamba kitabu ni kitu cha kunawia mikono. Babu yetu mzaa baba alikuwa na kasha la mvule. Ndani yake mlikuwa na kanzu yake ya Jumapili, karatasi za shamba lake la minazi, na kitabu cha Zaburi kilichokwisha kupoteza jalada, kimefungwa kwa kipande cha kanga. Kabla ya kukifungua alinawa, akajifuta mikono kwa shuka, ndipo akaketi barazani na kusoma kwa sauti ya chini. Wajukuu tulikatazwa kukigusa. Tuliruhusiwa kukinusa tu, nacho kilinuka moshi wa jikoni na karafuu.

Kusoma kwake hakukutushangaza, maana wazee wengi wa Magila walijua kusoma. Kilichotushangaza ni kwamba aliweza kusoma maandishi yaliyogeuzwa. Tulipomwelekezea kitabu juu chini, alisoma bila kusita. Tulipokionyesha kwenye kioo, alisoma vilevile huku akitucheka. Ujanani mwake, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, alikuwa kijana wa kupanga herufi katika kiwanda kidogo cha chapa cha misheni ya Magila. Macho yake yalikuwa yamezoea kinyume.

Kwa wanafunzi wa leo, ambao hawajapata kuona kazi hiyo, yafaa tueleze kidogo. Herufi ya chapa ni kijipande cha risasi chenye umbo lililogeuka, ili likikandamizwa juu ya karatasi litoke sawa. Mstari uliokwisha kupangwa, ukiutazama wima, husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Mdogo wake babu, ambaye alihamia Tanga mjini akasilimu na kusoma chuoni, alipata dhihaka yake hapo. Kila alipokuja Bonde kwa mazishi au arusi alimwambia babu, “Kaka, misheni imewafundisha jambo moja tu sawasawa: kuanzia kulia.” Babu naye alijibu kwamba ndiyo sababu walielewana wao wawili kuliko ndugu wengine.

Alitusimulia pia shida ya herufi a. Herufi zao zilisubiwa Uingereza, na wazisubuo waliweka hesabu ya kila herufi kwa mahitaji ya Kiingereza. Lugha hiyo hutumia sana e na t. Kiswahili hula a, tena kwa pupa, kisha k, u, i na w. Kwa hiyo kasha la herufi lililojaa hadi juu liliweza kumwishia mpangaji a hata ukurasa wa tatu haujatimia, ilhali chumba cha e kingali kimejaa na chumba cha q hakijaguswa kabisa. Hapakuwa na hila nyingine. Walipanga kurasa chache, wakapiga chapa nakala zote, wakaosha wino, wakarudisha kila herufi chumbani mwake, kisha wakaanza kurasa nyingine. Kitabu cha kurasa 100 kilikuwa kazi ya miezi.

Tulimwuliza nani aliwafundisha. “Wa Unguja,” alisema. “Na wa Unguja walifundishwa na Askofu Steere.” Wazee wetu walilitamka jina hilo “Stia”, tukadhani ni la Kibondei.

Tulipokuwa wakubwa na kuingia kazi ya ualimu tulianza kumtafuta mtu huyo katika vitabu. Tukiri kwamba tulianza kwa shaka. Sisi ni watu wa kizazi kilichofundishwa, tena kwa haki, kwamba wamisionari wengi walitangulia mbele na bendera ya utawala ikafuata nyuma. Hata leo hatujaiacha shaka hiyo yote. Lakini habari za mtu huyu hazikukaa vizuri katika kauli yetu ya darasani, na ndiyo maana tunaziandika.

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria, akapata shahada ya udaktari wa sheria mwaka 1850, na angeweza kuishi maisha ya starehe kwa kazi ya uwakili. Aliiacha, akawa shemasi mwaka 1856, akafanya kazi katika parokia za mashamba. Mwaka 1863 rafiki yake William Tozer alipowekwa kuwa askofu wa misheni iliyoanzishwa kwa mwito wa Livingstone, Steere alikubali kumsindikiza kwa muda mfupi tu. Walijaribu kwanza upande wa mto Zambezi na Shire, wakashindwa, wakahamia Unguja mwishoni mwa Agosti 1864. Huko Sultani Majid aliwapa watoto watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Misheni yenye makasisi wasomi ikaanza shule kwa wanafunzi watano wasiojua lugha ya walimu wao, nao walimu hawakujua lugha ya wanafunzi.

Wakati huo lugha yetu ilikuwa na maandishi yake ya miaka mingi. Tenzi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, barua za biashara vilevile. Lakini kwa herufi za Kirumi palikuwa na kazi ya Ludwig Krapf na mwenzake Johannes Rebmann tu, ambayo kwa sehemu kubwa ilitokana na Kimvita. Steere aliona kwamba Kiswahili kilichosemwa kandokando ya nyumba yao si hicho. Akaanza kukusanya maneno mwenyewe, na mwaka 1865, kabla hajatimiza mwaka mmoja na nusu visiwani, kijitabu cha maneno na sarufi ya Kiunguja kilikuwa kimekwisha pigwa chapa hapohapo Unguja. Yeye aliijua kazi ya chapa. Alisimama kwenye mtambo wa mkono pamoja na watoto wale, akiwafundisha kupanga herufi, kupaka wino, kuvuta mkono wa mtambo na kutundika karatasi zikauke. Mwaka 1867 kikatoka pale kijitabu kingine, safari hii cha lugha ya Kishambala. Watu wa Tanga yafaa tukumbuke hilo: miongoni mwa vitabu vya kwanza kabisa vya mtambo ule, kimoja kilihusu lugha ya milima inayoonekana kutoka barazani kwa babu yetu.

Mwaka 1870, alipokuwa amerudi Uingereza, alichapisha vitabu viwili ambavyo vilimpa jina. Kimoja ni cha sarufi na msamiati wa Kiswahili kama kinavyosemwa Unguja. Cha pili ni mkusanyo wa hadithi za Waunguja, Kiswahili upande mmoja wa ukurasa na Kiingereza upande wa pili. Humo mna Sultani Darai na paa wake, mna punda wa dobi, mna habari za Liongo. Tunawaomba walimu wenzetu wakitazame kitabu hicho kwa makini. Mhubiri aliyekuja kuwafundisha watu habari za dini yake alikaa kwanza akasikiliza ngano zao za sungura na masultani, akaziandika kama zilivyosemwa, akaona zinastahili gharama ya wino na karatasi.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwetu ndilo kiini cha imani ya mtu huyu. Katika dibaji ya kitabu chake cha sarufi anamtaja Sheikh Abdul-Aziz, mwanachuoni mkubwa na kadhi wa Unguja, ambaye alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu hadi Kiswahili kilicho safi kabisa. Kazi hiyo haikupita Zaburi ya pili. Sheikh alikuwa na shughuli nyingi. Tena, asema Steere, lugha yake ilikuwa ya kisomi mno kwa watu waliokusudiwa. Tunapowasomea wanafunzi habari hiyo huwa wanacheka kidogo kwa sababu ya Zaburi mbili. Lakini tazameni mambo yaliyomo. Sheikh wa Kiislamu hakuona haya kumsaidia padre kufasiri kitabu kitakatifu, na padre hakuona haya kuomba. Kisha padre, ingawa alivutiwa na ufasaha wa sheikh, akaamua kwamba neno la Mungu liende kwa lugha ya mpagazi, ya mchuuzi, ya mtoto aliyeokolewa majini.

Uamuzi wa namna hiyo haukuwa wa sarufi tu. Mtu anayeamini kwamba Mungu husema na wasomi angetosheka na lugha ya wasomi. Steere aliamini kwamba Mungu husema na yule mtoto wa tano katika foleni ya jahazi, na aliamini hivyo kiasi cha kutumia miaka yake kutafuta neno ambalo mtoto huyo angelielewa bila kufasiriwa. Hakuunda lugha ya kanisa. Alichukua maneno yaliyokuwa midomoni mwa watu: Mungu, sala, imani, dhambi, malaika, mtume. Mengi ya hayo yalikuwa yamekwisha kuzoeleka misikitini. Ndiyo sababu babu yetu na mdogo wake, mmoja na Zaburi yake na mwingine na msahafu wake, waliweza kubishana usiku kucha juu ya dini kwa maneno yaleyale. Tusisahau kwamba Steere mwenyewe hakukubaliana na Uislamu, wala hakuficha. Alihojiana hadharani na Waislamu wa mji. Lakini alihojiana nao kwa Kiswahili chao, wakimsahihisha.

Alirudi Unguja mwaka 1872. Mkewe alibaki Uingereza. Mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, misheni ilipata kiwanja cha soko la Mkunazini, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Steere aliwekwa kuwa askofu mwaka 1874, akaisimamia kazi ya ujenzi mwenyewe, na kanisa likafunguliwa siku ya Krismasi ya mwaka 1879. Habari za kanisa hilo zimesimuliwa mara nyingi, nasi hatutaki kuzirudia. Wageni hupiga picha za mawe. Vitabu havipigwi picha, ingawa vilifika mbali zaidi ya mawe hayo.

Maana hata akiwa askofu hakuacha masahihisho ya chapa. Alisafiri kwenda Magila. Alitembea mwaka 1875 hadi nchi ya Wayao karibu na Ziwa Nyasa. Mwaka 1876 aliwapeleka watu waliokombolewa wakaanzisha kijiji Masasi. Na katika safari hizo zote tafsiri ya Agano Jipya ilikuwa ikiendelea, kitabu baada ya kitabu. Alifariki Unguja mwezi Agosti 1882, siku chache tu baada ya kurejea kutoka Uingereza, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa lake. Agano Jipya zima lilitoka mwaka 1883. Biblia nzima ya Kiunguja, ambayo wengine waliimalizia, ilitoka mwaka 1891.

Hadi hapa tumesema habari ya mtu mmoja, kama vitabu vinavyofanya. Lakini babu yetu hakusema hivyo. Yeye alisema “wa Unguja”. Nani hao?

Baadhi yao wana majina. Miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo alikuwemo John Swedi, ambaye mwaka 1870 yeye na George Farajallah walipewa daraja ndogo ya kanisa, na mwaka 1879 Swedi akawa shemasi. Farajallah hakuishi sana. Katika kiwanda cha chapa alikuwako Owen Makanyassa, aliyelelewa na misheni, ambaye alikabidhiwa usimamizi wa chapa akawa na vijana chini yake. Katika habari za misheni za zama zile jina lake hupita haraka, kama jina la fundi lipitavyo katika habari za jumba. Lakini tufikiri kazi yake. Yeye ndiye aliyejua a zimebaki ngapi. Yeye ndiye aliyeona kwamba neno limekatwa vibaya mwisho wa mstari, kwa sababu lugha ilikuwa yake kuliko ya askofu. Fundi wa chapa ni msomaji wa kwanza wa kila kitabu, tena msomaji asiyeweza kuruka hata herufi moja. Hatuwezi kusadiki kwamba kwa miaka ile yote watu hao walipanga maneno kama mashine, wasimwambie askofu hata siku moja, “Bwana, hivi hatusemi.”

Na watu hao hawakuchagua kufika hapo. Walinyakuliwa makwao, wakauzwa, wakaokolewa baharini na manowari, wakagawiwa kwa misheni. Misheni iliwapa majina mapya, ratiba na kengele. Iliwapa pia kazi yenye heshima mikononi, jambo ambalo wengi wenye kugawiwa watu hawakulifikiria. Tunaona mambo hayo mawili yote ni kweli, wala hatupendi kuwafundisha wanafunzi wetu moja bila jingine.

Kwetu Tanga vitabu hivyo vilikuja na matokeo yake. Magila ilianza kwa padre Charles Alington mwishoni mwa miaka ya 1860, ikalegalega, ikapata nguvu alipokuja padre J. P. Farler mwaka 1875. Watu wa hapo walisema Kibondei nyumbani. Wa pwani, kutoka Tanga hadi Pangani, walikuwa na Kimtang'ata chao. Mwaka 1882 kilitoka kitabu cha padre H. W. Woodward cha lugha ya Kibondei, kwa hiyo misheni haikuzidharau lugha za hapa. Lakini Zaburi, Injili na vitabu vya shule vilivyokuja kwa jahazi vilikuwa vya Kiunguja, nao watoto wa Bonde wakajifunza kwamba lugha ya kuandika ni hiyo. Halafu mwaka 1928 wakubwa wa serikali za kikoloni walikutana Mombasa wakakubaliana Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Waliikuta njia imekwisha chimbwa. Vitabu vya mtambo ule wa mkono vilikuwa vimeichimba kwa zaidi ya miaka 60.

Je, tulipoteza kitu? Naam, tulipoteza. Bibi yetu wa upande wa mama, mtu wa Tongoni, alisema maneno ambayo hatujayakuta katika kamusi yoyote, na mwalimu wetu wa darasa la tatu aliyafuta kwa wino mwekundu tulipoyaandika. Tulipomlalamikia babu hakumtetea mwalimu. Alisema tu kwamba lau kila kijiji kingetaka kitabu chake, zile a zisingetosha hata Injili moja. Ni jibu la fundi, si la mtaalamu wa lugha, na hadi leo hatujapata lililo bora kuliko hilo. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, Mwislamu, alizikuta herufi hizo na lugha hiyo sanifu, akazitumia kwa namna ambayo hakuna askofu aliyeiota. Mwalimu Nyerere naye, mwishoni mwa maisha yake, alikaa kuzitia Injili katika tenzi.

Turudi Magila. Mwaka 1888 wanafunzi wa Kiungani, Unguja, walianza gazeti la Msimulizi. Katikati ya miaka ya 1890 Magila nayo ikaanza lake, Habari za Mwezi. Hilo ndilo babu alilolipanga. Huko Tanga mjini shule ya serikali ya Wajerumani nayo ilikuwa na chapa yake, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikatoa gazeti la Kiongozi. Kwa hiyo mji wetu na vijiji vyetu, ambavyo leo wengi huvijua kwa machungwa na mkonge, vilikuwa wakati huo na magazeti mawili ya Kiswahili, moja la kanisa na moja la serikali. Reli ilikuwa imefika Muheza mwaka 1896, na babu alisema furushi la magazeti lilipakiwa pamoja na kuku.

Mhariri wa Habari za Mwezi ambaye wazee walimkumbuka ni Padre Samuel Sehoza. Jina lake ni la kwetu. Hapo kazi iliyoanza kwa askofu kupanga herufi za watu wengine ilikuwa imefika mahali ambapo Mwafrika anaamua ni habari ipi ichapwe na ipi isichapwe. Kisha vikaja vita. Magila ilikuwa misheni ya Waingereza katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani, na vita vilipozuka mwaka 1914, mapadre na walimu Waafrika wa misheni hiyo walishukiwa kuwa wapelelezi. Wakakamatwa, wakafungwa minyororo, wakapigwa, wakatembezwa mbali na makwao. Gazeti lilikoma. Babu hakupenda kusimulia miaka ile. Alisema kwamba siku waliyofunga chapa alirudisha kila herufi chumbani mwake, hata zile ambazo kurasa zake zilikuwa hazijachapwa, akaosha mikono, akaenda kwao.

Sehoza alitoka hai. Mwaka 1921 kitabu chake kilichapishwa London, kwa Kiswahili: Mwaka katika Minyororo. Askofu Frank Weston alikuwa amekwisha kuandika kwa Kiingereza juu ya mateso hayo, akiwaambia wakubwa wa Uingereza. Sehoza aliandika kwa lugha yake akiwaambia wenzake. Hatujui mfano mwingi wa mambo hayo katika nchi nyingine za Afrika wakati ule: mfungwa Mwafrika, mara tu baada ya kufunguliwa, anaandika ushahidi wake mwenyewe, kwa lugha ya Kiafrika, nao unapigwa chapa. Ni kitabu cha imani. Mwandishi hana shaka ni nani aliyemtoa. Lakini ni kitabu cha mtu wa chapa pia. Alijua kwamba jambo lisilochapwa, wenye nguvu watasema halikutukia. Walimu wa historia wanakitaja kwa nadra, na wa fasihi kwa nadra zaidi, labda kwa kuwa kimeandikwa na padre. Hiyo si sababu.

Miaka michache iliyopita tuliwachukua wanafunzi wa kidato cha tatu kwenda Unguja. Tuliwaonyesha kanisa la Mkunazini, tukazunguka nyuma ya altare, tukawaeleza aliyelala pale na kazi aliyoifanya. Waliandika katika madaftari yao, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kufa, kama wanafunzi waandikavyo. Msichana mmoja wa Kiislamu kutoka Pangani, ambaye alikuwa kimya tangu botini, aliuliza kaburi la Makanyassa liko wapi. Tulikuwa tumemtaja mara moja tu, njiani. Tukamwambia kwamba hatujui. Akauliza kama kuna aijuaye. Tukamwambia kwamba tutauliza.

Tulimwuliza mzee aliyekuwa akifagia uani. Alisimamisha ufagio, akalirudia jina hilo polepole mara mbili, akatikisa kichwa. Alisema kuna makaburi mengi ya zamani Mbweni na mengine hayana maandishi. Msichana alifungua tena daftari, akaandika jina hilo chini ya lile la askofu. Aliliandika kwa s moja, tukamwambia aongeze ya pili.